Umeme wa Basi na Macho ya Mama

Wenzangu wa kikundi cha kushona pale Chemchem, tangu nirudi hamjaniacha nipumue: haya Roza, tuambie, ilikuwaje huko? Nikianza tu kusimulia, mteja anaingia na suruali ya kupunguza, habari inakatikia njiani. Basi nimeona niandike, msome kwa zamu. Shule yangu iliishia darasa la saba na hilo mnalijua, kwa hiyo mkikuta nimerukaruka mnivumilie. Mambo ya kutafuta nafasi na karatasi za hospitali nimeyaacha, hayana utamu. Na palipotokea ugomvi nitajaribu kuandika la kila mtu, maana mimi nilikuwa wa upande mmoja, na sidhani ni haki upande mmoja uandike halafu mwingine unyamaze.

Kwa asiyejua: mama yangu, Bibi Nyanzala wa Kwihara, alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alichobaki nacho ni kujua kumekucha au kumekuchwa. Kanisani wakatangaza kwamba madaktari wa macho wamefika Kigoma, wanapasua, na siku yao ya mwisho kupokea wagonjwa ni Ijumaa asubuhi. Sisi tangazo hilo lilitufikia Jumatano. Basi la Alhamisi lilikuwa limeshajaa. Nikaenda kulia kwa jirani yangu Sefu, akaniambia futa machozi, kesho mimi mwenyewe nakwenda Kigoma.

Kutoka Kwihara

Sefu wengi mnamfahamu, yule muuza vifaa vya umeme. Ni Mzaramo wa Kisarawe, biashara ndiyo iliyomleta Tabora, na mke akampata hapa hapa. Gari lake ni lile dogo la kijani linalokwenda kwa umeme mtupu, halina hata pa kutilia mafuta. Mimi nilikuwa sijawahi kulipanda. Nilikuwa naliona linapita kama paka.

Tulifika Kwihara kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Mama alikuwa ameshavaa kitenge chake cha Pasaka, amekaa kibarazani na sufuria ya matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, aliyoyachanganya na karanga, kaifunga kwa kanga. Aliposikia dereva ni Mzaramo, uso wote ukabadilika.

"Mzaramo! Njoo unibebe."

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Shikamoo ya nini? Nimesema njoo unibebe."

"Mimi nikubebe? Kazi ya kubeba si yenu? Babu zenu walibeba mizigo ya babu zangu kutoka hapa mpaka baharini."

"Walibeba, sikatai. Leo nimekuja kuchukua ujira wao. Mpagazi ni wewe."

Na kweli akambeba, anacheka, mama anampiga mgongoni kwa fimbo yake polepole. Mnaujua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Wazee wanasema ulianzia njiani, enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kukuvua kofia, hata kuuzuia mzigo wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ninaueleza kwa sababu ndio uliotufurahisha na ndio uliotuponza.

Tukaondoka. Tumeshapita nyumba za mwisho za kijiji, mama akasema, "Sefu, gari yako imezima. Mwambie Roza ashuke asukume."

"Tunakwenda, mtani."

"Tunakwenda wapi bila kunguruma? Msinifanye mjinga kwa kuwa sioni."

Sefu akamfungulia kioo. Upepo ukamjia usoni. Akatoa mkono nje, akaukunjua, akauacha pale. Nilimwona anasikiliza: majogoo, mtu anapasua kuni, kengele ya baiskeli, vyote vinakuja na kupita. Gari la kawaida lingevimeza vyote. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama yuko ibadani, "Kwa hiyo hivi ndivyo ndege anavyosikia." Sijui kama ndege anasikia hivyo. Lakini mwili ulinisisimka.

Tabora hadi Urambo

Njia hii ya kwenda Urambo nimeipita mara nyingi kwa basi la dizeli na sikuwahi kuiona. Safari hii niliiona kwa sababu mama alikuwa ananiuliza. Roza, sasa kuna nini? Miti, mama. Miti gani? Ndipo ninyanyue kichwa nitazame: miyombo, majani mapya mekundu, mizinga ya nyuki imelazwa juu kwenye matawi kama magogo yaliyosahauliwa huko. Kisha mabani ya kukaushia tumbaku, kisha miyombo tena.

Mama akasema babu yake alipita humu kwa miguu hadi Ujiji, akirudi na pembe za ndovu begani. Alikuwa akiwasimulia kwamba mkifika kambini hamtui mzigo kwanza. Mnauliza kwanza kisima ni cha nani. Mkishajua, mnaomba. "Maana maji hayakuwekwa pale kwa ajili ya msafara," mama akasema. "Yaliwekwa kwa ajili ya wenyeji."

Sefu akacheka. "Na mimi ndivyo ninavyosafiri, Bi Mkubwa. Kila kituo naomba."

Ni kweli. Kwenye barabara hii ushirika wa mabasi ya umeme umejenga viwanja vyake vya kuchajia, na nje ya viwanja hivyo gari kama la Sefu halina pa kunywa. Kila uwanja una paa la sola, chumba cha betri, mashine zenye waya mnene kama nyoka, na kibao kinachosema MABASI KWANZA. Mwenye gari lake anaruhusiwa kuchaji, analipa kama kawaida, ila basi likiwepo anasubiri.

Urambo tulimkuta Mzee Mihayo, msimamizi wa uwanja, Mnyamwezi mwenzetu. Kusikia lafudhi ya Sefu tu, akamnyang'anya kofia akaivaa yeye.

"Mzaramo, huchaji hapa. Rudi ukavue pweza."

"Nirudishie kofia, mpagazi we!"

"Kofia nimeikamata mpaka uchomoe ng'ombe yule." Akaonyesha basi kwa kidevu. "Ameshashiba, dereva anakunywa chai tu. Chomoa mwenyewe, mimi mgongo wangu umechoka kwa mizigo ya babu yako."

Sefu akabonyeza kitufe cha mashine, akachomoa waya kwenye basi, akachomeka kwenye gari lake, na dereva wa basi akampungia mkono na kikombe chake. Watu walicheka mpaka basi. Tulipoondoka Mzee Mihayo alirudisha kofia ikiwa imejaa karanga. Nilifikiri, jamani, kumbe dunia inaweza kwenda hivi, mtu anamnywesha mgeni huku akimtukana. Nikaona fahari kuwa Mnyamwezi. Labda nilijiona mno.

Urambo hadi Kaliua

Hapa tulicheleweshwa na ng'ombe. Kundi kubwa lilijaa barabarani, na kwa kuwa gari halina mlio, hakuna aliyegeuka. Sefu akapiga honi. Ng'ombe wa mbele wakashtuka wakarudi nyuma, wa nyuma wakasukumana, ikawa vurugu. Mchungaji, Msukuma aliyevaa koti la mvua, akaja akagonga kioo kwa fimbo.

"Kijana, unanyatia ng'ombe kama fisi? Kohoa basi uje!"

Sefu akaomba radhi. Mama akatoa kichwa dirishani, akamsalimia "Mwangaluka," wakaanza kuongea Kisukuma na Kinyamwezi kilichochanganyika, habari za mvua, habari za malisho. Hawakuwa na haraka hata mmoja. Nami moyoni nilikuwa nahesabu, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kigoma, na kwenye kioo kilicho mbele ya dereva niliona alama ya chaji imeanza kuwa ya njano, maana Urambo hatukungoja ijae. Nilitaka kusema mama tuondoke. Lakini alikuwa hajapata mtu wa kuongea naye hivyo siku nyingi. Nikawaacha.

Kaliua

Kaliua tulifika alama ya chaji ikiwa nyekundu. Basi la Kigoma, lile lile tulilolikosa kwa kujaa, lilikuwa uwanjani limechomekwa, limetutangulia wakati sisi tunapiga soga na ng'ombe. Mashine zilikuwa mbili, ila moja ilikuwa imefungwa turubai, mbovu. Na jua lilikuwa limefunikwa.

Sefu akasema nimpeleke mama akale, yeye atashughulika.

Mgahawa ulikuwa ng'ambo ya barabara, abiria wote wa basi wamo. Tuliletewa ugali wa muhogo na samaki wa Malagarasi, mwenye miiba kama sindano za cherehani. Nikawa naogopa mama atameza mwiba. Mama mmoja mnene aliyekaa mbele yetu, amejifunga mtandio wa zambarau, akavuta sahani ya mama bila kuuliza, akaanza kumchambulia miiba huku anaongea mambo yake. Anaitwa Mama Zaituni, mfanyabiashara wa Ujiji, alikuwa anarudi kwao na ndoo ya asali na majogoo wawili kwenye tenga. Kila tonge la samaki alimwekea mama kiganjani. "Kula, dada yangu. Huyu samaki ni mtamu lakini ana roho mbaya."

Tukiwa hapo hapo tukasikia kelele uwanjani.

Dereva wa basi, kijana anayeitwa Lameki, alikuwa amesimama katikati ameshika kichwa. Waya wa mashine ulikuwa kwenye gari la kijani.

"Nani kachomoa basi langu? Nauliza, nani kachomoa?"

"Mimi," Sefu akasema. "Si mtani wangu kaniruhusu?"

Mtani aliyekuwa anamwonyesha ni msimamizi wa uwanja, dada mmoja mrefu, mweupe kidogo, anaitwa Paskalina. Alikuwa anatoka kwenye chumba cha betri mbio mbio.

"Mtani wako nani? Mimi mtu wa Mbulu! Mtani wangu hayupo barabara hii nzima!"

Nieleze kama nilivyokuja kuelewa. Sefu alimkuta Paskalina akiongea kwa simu, akadhani ni Mnyamwezi. Akamwambia, kwa utani ule ule wa Urambo, "Mpagazi, nachomoa ng'ombe wako, ameshashiba." Paskalina akacheka, akampungia mkono. Sefu akajua ruhusa imetoka. Paskalina alijua mgeni huyu ni mcheshi, anatania tu. Ni nani mwenye akili timamu atakayechomoa basi la watu? Nimelifikiria hilo mara nyingi na sijapata wa kumlaumu peke yake. Sefu alikosa, hilo halina ubishi, basi halikuwa limeshiba hata nusu na angetazama angeona. Lakini alikuwa ametoka mahali ambapo kufanya hivyo kulikuwa ni upendo.

Abiria wakatuzunguka. Mama Zaituni, yule yule wa miiba, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

"Chomoeni gari la tajiri! Gari la mtu mmoja linakunywa, basi la watu wote linatazama!"

"Nitalipa kilichoingia," Sefu akasema.

"Tuzichukue pesa zako tukazitie kwenye betri?" Lameki akamjibu, watu wakacheka kwa hasira. "Sikiliza kaka. Hiki kitu kiliwekwa kwa ajili ya wasio na gari. Wewe una gari."

"Na basi lisipokuwepo waya unalala bure kutwa. Mimi ninapolipa si ndiyo mnapata cha kutengenezea ile mashine mbovu?"

"Kwani leo basi halikuwepo? Lilikuwepo, limejaa machoni pako!"

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, ndicho kilichonichosha.

Paskalina akawaacha wabishane. Aliingia ndani akasoma mita zake, akatoka. Alisema betri za kituo zimebaki na umeme wa kulifikisha basi Nguruka, na baada ya hapo hazina kitu mpaka jua la kesho litoke. Gari likichajiwa kwanza, basi linalala Kaliua. Basi likichajiwa kwanza, gari linalala Kaliua, liondoke kesho mchana.

Kesho mchana. Madaktari wanafunga asubuhi. Nikakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale.

Sefu akaanza kuwaeleza kuhusu macho ya mama. Aliwaeleza vizuri, bila kujitetea, hilo namshukuru. Kelele zikapungua. Paskalina akamtazama mama, ambaye nilikuwa nimemwacha amesimama ukingoni mwa barabara ameshikilia fimbo. Akasema polepole, "Kama ni mgonjwa, na Ijumaa ndiyo mwisho... labda abiria wakikubali..."

"Hapana," mama akasema.

Alitembea kuja upande wa sauti, fimbo mbele, watu wakampisha.

"Tumekuta watu kisimani tukawavuruga. Rudisheni waya kwa basi."

"Bi Mkubwa," Sefu akasema, na sauti yake ilikatika, "ni macho haya!"

"Macho ni yangu, siyo yako. Na wewe usilie, mpagazi halii barabarani."

Nilitaka kumshika mama nimtikise. Nawaambia ukweli, mama yangu aliniudhi pale kuliko alivyowahi kuniudhi maishani. Nilisafiri kwa ajili yake, na yeye anawapa watu asiowajua hata sura. Paskalina alichomoa waya kwenye gari, akauchomeka kwenye basi. Mashine ikaanza kuvuma. Hakuna aliyeshangilia.

Kisha Mama Zaituni akauliza, "Nguruka mpaka Kigoma basi hili linafika lini?"

"Leo leo, usiku," Lameki akajibu. "Nguruka na Uvinza umeme upo."

"Basi huyu dada akae kiti changu."

Lameki akasema basi limejaa, kiti kimoja hakitoshi, bibi hawezi kwenda peke yake. Mama Zaituni akageuka akawatazama abiria wenzake, mikono kiunoni, macho yanatembea kutoka mtu hadi mtu. Mwalimu mmoja mwembamba, mwenye begi la madaftari, akaondoa miwani akaifuta. "Mimi nafungua shule Jumatatu," akasema. "Chukueni na changu."

"Mimi naenda nyumbani tu," Mama Zaituni akasema, kama anajitetea. "Na nyumba haiondoki. Lakini huyu mwenye kofia ndiye atakayenifikisha, mimi na mwalimu na majogoo wangu na asali yangu, juu ya viti vyake hivyo vya kitajiri. Na atasubiri zamu!"

"Nitasubiri," Sefu akasema.

Na huyu ni Mama Zaituni yule yule. Dakika chache zilizopita alitaka kutupiga. Nikamshika mkono, nikasema asante, akanivuta akaninong'oneza, "Mwambie mama yako asile samaki wa Nguruka bila wewe kumchambulia."

Mama alipokuwa anapandishwa ngazi za basi alimwita Sefu. "Mpagazi! Umeniacha njiani."

"Nimekuachia wenye nguvu, mtani," Sefu akajibu, na safari hii hakuweza kucheka vizuri.

Kaliua hadi Uvinza

Basi lile nalo halina mngurumo. Ni kubwa kuliko nyumba yangu, na linateleza kimya, watu wote ndani wanasikiana hata wakinong'ona. Kwa hiyo mama aliponiuliza, kama alivyokuwa ananiuliza tangu asubuhi, "Roza, sasa kuna nini?" walisikia wote.

Mimi nilikuwa nimechoka, bado nimemnunia. Nikasema miti. Mwanamume wa kiti cha nyuma akasema, "Siyo miti tu, bibi. Kuna mti umeanguka, na juu yake wamekaa nyani watano, wanatazama basi kama wanasubiri kupanda."

"Sita," akasema mwingine.

"Yule wa sita ni kisiki."

"Kisiki kinajikuna?"

Ikaanzia hapo. Walioko dirishani kushoto wakawa wanaeleza ya kushoto, wa kulia ya kulia, na wa katikati wanadai wapishwe waone nao wasimulie. Walimwambia rangi ya udongo, mtoto aliyebeba bata, bango lililopinda. Na walibishana! Tulipofika bonde la Malagarasi, maji yametanda pande zote, basi zima lilishindwa kukubaliana maji yale yana rangi gani. Mmoja alisema ni ya bluu. Mwingine akasema bluu iko wapi, ni kama chai ya maziwa. Dada mmoja akasema kijivu, kijivu cha njiwa, na mbele kule yana dhahabu kwa sababu jua limepenya wingu. Wakasogea wote dirishani kutazama ile dhahabu. Lameki alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Mama alikuwa amefumbata mikono mapajani. "Endeleeni," akasema.

Nami nilitazama pia, na nikaona kwamba wote walikuwa sahihi. Yalikuwa bluu, na chai, na kijivu, na dhahabu. Mimi ni mtu wa kushona, najua rangi, na sikuwahi kuona maji mapana hivyo yenye rangi zisizotaka kutulia. Nilifikiria babu yake mama akiyavuka haya na pembe begani, majini mpaka kifuani, na sisi tunapita juu kwa jua lililohifadhiwa ndani ya betri. Sina maneno ya kuliweka hilo. Kununa kuliniishia hapo, bila mimi kuamua.

Nguruka tulikula samaki, nikamchambulia. Uvinza tulisubiri sana, kwa sababu tulikuta gari la mtu binafsi limechomekwa na mwenyewe hayupo, amekwenda kununua chumvi. Abiria wenzangu wakaanza kufoka, gari la tajiri, chomoeni. Mimi nikajikuta nimesimama mbele ya mashine nimetandaza mikono. "Jamani, tumtafute kwanza. Huenda amebeba mgonjwa."

Hakuwa amebeba mgonjwa. Alikuwa amebeba chumvi, magunia mengi, akaomba radhi akachomoa. Walinicheka mpaka Kigoma. Sijui kama nilikosea. Lakini ningerudia.

Kigoma

Tulifika usiku, na Ijumaa asubuhi na mapema mama akaandikwa. Alikuwa kati ya wa mwisho kabisa, nyuma yake walipokelewa watu wachache tu, kisha mlango ukafungwa. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimpima akaniita pembeni. Jicho la kushoto, akasema, tumechelewa miaka, hata nikilipasua halitaona. La kulia nitajaribu. Nilimwuliza kujaribu ni kufanyaje. Akasema ni kujaribu.

Wakampasua siku hiyo hiyo, wakamfunga bendeji, wakasema tusubiri.

Sefu alifika jioni ya Jumamosi akiwa hoi. Mama Zaituni aliingia wodini mbele yake na hotpoti la migebuka, samaki wa ziwani kwao.

"Dada yangu, huyu mpagazi wako ameniua! Kila kituo anasema tusubiri basi lipite kwanza. Nguruka tumekaa tunasubiri basi ambalo halijaondoka hata Tabora! Msimamizi anamwambia kaka chaji, uwanja mtupu, yeye anasema hapana, wenyewe watakuja."

"Na asali?" nikauliza.

"Asali imemwagika kiti kizima," Sefu akasema. "Nyuki wametusindikiza kutoka Uvinza."

Mama alicheka chini ya bendeji mpaka muuguzi akamkataza, akasema kucheka kunavuta jicho. Ndipo daktari akaingia. Alisema kwa kuwa tumekusanyika, afungue sasa.

Sijawahi kuogopa vile. Nilijiambia nisogee mahali ambapo akifumbua nitakuwa wa kwanza kuonekana. Naona aibu kuliandika hilo lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikunja kanga yangu vizuri, nikasimama mbele ya kitanda. Mama Zaituni alirudi nyuma. Sefu akatazama sakafu.

Bendeji ikatoka. Daktari akasafisha jicho kwa pamba, akamwambia fumbua taratibu. Mama akafumbua. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi.

"Unaona nini, bibi?" daktari akauliza.

Mama hakujibu. Hakunitazama. Kichwa chake kilikuwa kimeinama, nami nikajua basi, haikufaulu, ameficha uso ili nisimwone. Kisha nikaona mikono yake. Alikuwa ameinyanyua kidogo kutoka kwenye shuka, akaigeuza, akaigeuza tena, akasogeza vidole kimoja kimoja kama vya mtu mwingine.

"Hii ni mikono ya mama," akasema.



"Roza, nani kaniwekea mikono ya mama yangu?" Akagusa mishipa iliyovimba mgongoni mwa mkono, akapita na kidole kwenye kovu, akaona kucha, akaona pete yake ya ndoa iliyozama kwenye ngozi. Mara ya mwisho alipoiona mikono hiyo ilikuwa ya mwanamke anayelima. Alikaa nayo muda mrefu, machozi yanashuka upande mmoja tu, wa kulia, na daktari hakumharakisha.

Alipotosheka, aliinua uso. Jicho lilinitafuta, likayumba, likanipata.

"Sogea," akasema. "Na wewe nikuone umekuwa nani."